Muulize Mwalimu: Walishinda pamoja, mbona hawakupatana?

Swali: Mama Mwalimu, jambo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa sita wa sekondari, niko Kadutu, Bukavu. Daftari langu lina mistari mitatu tu juu ya mkutano wa Paris wa 1919, wa washindi wa Vita Kuu ya Kwanza: Clemenceau wa Ufaransa alitaka kisasi, Wilson wa Marekani alitaka amani, Lloyd George wa Uingereza alisimama katikati. Ni hayo tu? Na sisi wa Kivu yalituhusu nini? Tena babu husema Wajerumani waliwahi kukaa Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu. Ni kweli?

Jibu: Mwanangu, jambo sana. Mistari hiyo mitatu hata mimi niliiandika ubaoni miaka mingi. Niliiacha siku nilipowapeleka wanafunzi wangu ukingoni mwa Ruzizi, mto wa mpaka wetu na Rwanda, nikawauliza: nani anayelala macho wazi akifikiria ng'ambo kuna nani, mwenye shamba hapa mtoni au mtu aliyeko Kinshasa? Hakuna aliyehitaji kufikiri. Basi na wewe anza na ramani.

Mfaransa ndiye mwenye shamba mtoni. Clemenceau alikuwa na miaka 77 mkutano ulipofunguliwa. Mwaka 1871, akiwa mbunge kijana, alipinga majimbo ya Alsace na Lorraine kukabidhiwa Ujerumani, akashindwa. Mwaka 1914 akawaona Wajerumani wakiingia tena. Ufaransa ilizika wanajeshi karibu milioni 1.4, na migodi yake ya makaa kaskazini iliachwa imejaa maji. Tena Wajerumani walikuwa zaidi ya milioni 60, Wafaransa hawakufika milioni 40. Kwa hiyo neno "kisasi" silipendi, linamfanya mzee huyu aonekane mwenye hasira tu. Hasira alikuwa nayo, ndiyo, lakini aliloomba mezani ni ulinzi: mto Rhine uwe ukuta wake. Hakuupata. Alipewa majeshi ya washirika yakae upande wa magharibi wa Rhine kwa miaka 15, jeshi la Ujerumani lisizidi watu 100,000, na ahadi ya Uingereza na Marekani kwamba Ufaransa ikishambuliwa watakuja. Ahadi hiyo ndiyo iliyomfanya alegeze kamba. Kisha Baraza la Seneti la Marekani likakataa mkataba wa Versailles, ule wa amani na Ujerumani, ahadi ya Marekani ikafa, na ya Uingereza, iliyofungwa kwenye hiyo, ikafa nayo. Kila nilipofundisha hapa niliumia, kwa sababu mtu aliacha ukuta akachukua neno la rafiki.

Lloyd George hakusimama katikati. Alikuwa ameshapata chake. Hofu ya Mwingereza ni bahari, na kabla mkutano haujaanza manowari za Wajerumani zilikuwa zimefungiwa Scapa Flow, kwenye maji ya Uingereza, na majeshi ya dola lake yalishika sehemu kubwa ya makoloni yao. Kwao alikuwa ameshinda uchaguzi wa Desemba 1918 katikati ya kelele za kutaka Ujerumani ilipe, lakini alijua pia kwamba Mjerumani aliyefilisika hanunui bidhaa za Uingereza, na aliogopa asije akafuata njia ya mapinduzi kama Urusi. Ndiyo maana mwezi Machi 1919 aliandika waraka akionya masharti yasizidi. Lakini usimwone mpole. Ardhi ya Uingereza haikuharibiwa kama ya Ufaransa, kwa hiyo upande wake ukasukuma pensheni za wanajeshi na za wajane zihesabiwe ndani ya fidia, ili nayo ipate fungu. Deni likafura.

Wilson alikuwa na bahari nzima kati yake na Ujerumani. Anayekaa mbali hivyo anaweza kufikiria dunia yote, nami nasema hivyo kwa heshima: Shirika la Mataifa alilolipigania, la nchi kulinda amani kwa pamoja, lilikuwa wazo kubwa. Ila hoja zake 14 za amani, za Januari 1918, zilikuwa tamu masikioni mwa kila mtu kwa sababu kila mtu alisikia lake. Orlando wa Italia alisikia Fiume, mji wa bandari alioutaka, akakataliwa, akaondoka mkutanoni mwezi Aprili.

Sasa sisi. Daftari lako limemsahau mshindi mwingine, Mbelgiji. Mwezi Septemba 1916 askari wa Force Publique, jeshi la koloni la Kongo, Wakongo chini ya maofisa Wabelgiji, waliingia Tabora, mji wa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki (leo uko Tanzania). Babu yangu, kijana wa upande wa Kabare, alikuwa mpagazi wa safari hiyo. Alikuwa akituonyesha bega lake, pale mzigo ulipoacha kovu, na Tabora aliitaja kama mtu anayetaja ugonjwa aliopona. Lakini Brussels, yaani serikali ya Ubelgiji, haikuitaka Tabora yenyewe. Ilitaka kuishika ili kubadilishana, Ureno iachie ukingo wa kusini wa mdomo wa mto Kongo, kule Atlantiki. Mabega ya Kivu yalibeba mizigo kwa ajili ya pwani ambayo wenyewe hawakuwahi kuiona!

Mabadilishano hayakufaulu. Tarehe 30 Mei 1919 Pierre Orts wa Ubelgiji na Lord Milner wa Uingereza walipatana: Ruanda na Urundi kwa Mbelgiji, sehemu iliyobaki ya koloni hilo la Wajerumani, Tabora ikiwamo, kwa Mwingereza. Hata Kisaka, mashariki mwa Ruanda, ilikatwa ikapewa Waingereza waliowaza njia ya reli ya kutoka Cape hadi Cairo. Mwami Musinga, mfalme wa Ruanda, alilalamika, na baada ya miaka michache ikarudishwa. Mkutanoni Paris hakuna mtu wa nchi hizi aliyeitwa kuulizwa anataka nini, na hilo liandike kwenye daftari lako kwa herufi kubwa.

Kuhusu Idjwi, babu yako anasema kweli. Wajerumani waliiteka Septemba 1914 na walifukuzwa 1916. Haikumngoja Orts wala Milner, kwa kuwa mapatano ya 1910 yalikuwa yameshaiweka upande wa Kongo.