Java: umerithi klasi, lakini protected bado inakukatalia

Ndugu, umesema klasi yako AkauntiYaAkiba inarithi klasi Akaunti iliyo kwenye pakeji (kundi la klasi) nyingine, na salio la Akaunti umeliwekea protected, neno linalopanga nani aione sehemu hiyo ya klasi. Ndani ya hamisha, ukiandika this.salio (la akaunti yenyewe) inapita, ukiandika nyingine.salio (la akaunti iliyopokelewa kwa jina nyingine) kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo, inagoma. Kosa hilo nalijua. Lilinikesha hapa Kampala nikiandika programu ya SACCO moja, na umeme ulipokatika saa nane za usiku bado nilikuwa nailaumu laptopu.

Wengi tulifundishwa kwamba protected ni ya klasi na watoto wake, yaani klasi zinazoirithi. Kwa Java hiyo ni nusu ya habari. Klasi yoyote iliyo pakeji moja na Akaunti inaiona salio, iwe mtoto au isiwe. Hapo Java ni karimu kuliko lugha ya C#. Mtoto aliye pakeji nyingine ndiye anayebanwa: anaifikia kupitia rejeo (jina linaloelekeza kwenye akaunti fulani, kama this au nyingine) la aina yake mwenyewe, au la aina inayomrithi yeye, basi. Ungeandika hivi:

void hamisha(AkauntiYaAkiba nyingine, long kiasi)

nyingine.salio ingepita. Wewe umeandika Akaunti nyingine, na hiyo huenda ikawa AkauntiYaMkopo, ndugu wa tumbo moja na yako. Kugawiwa fungu lako la kibanja cha mzee hakukupi ruhusa ya kuvuna matoke kwa kaka yako.

Usifanye nilivyofanya. Niligeuza salio kuwa public, wazi kwa klasi zote, nikalala. Wiki mbili baadaye klasi ya ripoti, ambayo kazi yake ni kuchapa tu, ikawa inapunguza pesa za wanachama (niliiandika mwenyewe, simsingizii mtu). Mhasibu alinipigia kabla sijanywa chai.

Dawa iliyonifaa: salio iwe private (ya ndani ya klasi yake tu), na hamisha ihamie ndani ya Akaunti yenyewe. Humo nyingine.salio ni halali, hata ikiwa private, maana ni klasi ileile.

Chunga pia majina. ug.sacco.msingi na ug.sacco.msingi.akiba si pakeji moja; kwa Java hawajuani kabisa. Na konstrakta (sehemu inayoandaa akaunti mpya) ikiwa protected, mtoto wa pakeji nyingine anaruhusiwa kuiita kwa super() ndani ya konstrakta yake, ila kuunda Akaunti kwa new Akaunti() atanyimwa. Sehemu za protected zilizo static (za klasi yenyewe, si za akaunti moja moja) hazina sharti la rejeo.

Ikigoma tena, bandika hapa mistari ya package na import ya faili zote mbili.