Kabla hujapamba skrini, jiulize umekufa kwa nini

Wadogo zangu mnaoanza kucheza World of Warcraft, ile gemu ya mapigano ya mtandaoni, hapa Mtwara, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kaka, skrini yako umeipangaje? Nitumie na mimi." Simtumii mtu, na wala si uchoyo. Nimecheza mganga, yaani mhusika wa kuwatibu wenzake vitani, kwa miaka sita, na miwili ya mwanzo iliniishia nikihangaika na mipangilio ya watu wengine. Naomba mnisikilize kabla hamjaomba faili la mtu yeyote, langu likiwemo.

Nilianza kwa kunakili. Niliona video ya mchezaji mmoja wa Ulaya, skrini yake inapendeza kama dirisha la duka, nikapakua kila kitu chake: adoni thelathini na ushee, zile programu ndogo za kuongezea kwenye gemu. Bando la wiki likaisha usiku mmoja. Yeye anatumia skrini ya inchi 27, mimi nilikuwa na laptopu ya inchi 14. Vitufe vilipandana, maandishi yakawa ya kusoma kwa kukunja uso, na katikati kabisa, pale mhusika wangu anaposimama, kulikuwa na saa tatu zinazozunguka ambazo sikujua hata moja inahesabu nini.

Tukaingia pangoni, uwanja wa vita ndani ya gemu, watu watano kama ilivyo kawaida: mmoja wa kubeba kipigo, mganga mmoja, watatu wa kupiga. Kwa bosi wa kwanza, yaani adui mkubwa wa pango, nilikufa mara nne, na mara zote nne nilikuwa nimesimama kwenye moto. Moto wenyewe mkubwa, mwekundu, uko miguuni pangu, na sikuuona, kwa sababu macho yangu yalikuwa juu kushoto yakifuatilia uhai wa wenzangu. Mganga akifa, kundi zima linafuata. Wenzangu hawakunisema, lakini nililala vibaya siku ile.

Kesho yake nilizima adoni zote na kuchukua daftari. Nikaandika mstari mmoja: "Nimekufa kwa moto. Moto ulikuwa katikati, macho yalikuwa kona ya kushoto." Nikahamisha kitu kimoja tu, visanduku vya uhai wa kundi, nikavileta chini kidogo ya mhusika wangu, upana wa vidole vitatu kutoka miguuni pake. Siku hiyo sikufa kwa moto. Nilikufa kwa jambo jingine, nalo nikaliandika.

Hiyo ndiyo njia ninayowafundisha. Ukifa, usikimbilie kurudi. Jiulize taarifa iliyokupita ilikuwa wapi kwenye skrini, na macho yako yalikuwa wapi wakati huo. Kisha hamisha kitu kimoja, ucheze nacho jioni mbili tatu kabla ya kugusa kingine. Ukihamisha vitu kumi kwa pamoja hutajua kipi kilichokusaidia na kipi kilichokuharibia, na mkono wako utakuwa mgeni kila siku.

Mama yangu mkubwa hubangua korosho nyumbani kwa mkono. Ukimwangalia akikaa, jiwe liko mbele yake, korosho zenye maganda kushoto, ungo wa korosho zilizobanguliwa kulia, majivu karibu na goti, ili achovye vidole mafuta ya ganda yasimbabue. Sijawahi kumwona akigeuza shingo kutafuta kitu. Binti yake ni wa mkono wa shoto. Akikaa yeye pale, anahamisha kila kitu kabla hajagusa korosho hata moja, na mama mkubwa hajawahi kumwambia apange kama yeye. Nilikuwa naliona hilo tangu mtoto, na sikulihusisha na skrini mpaka siku ile ya moto.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Gemu ni bure mpaka ngazi ya 20, kwa hiyo jifunze kupanga kabla hujalipa hata shilingi. Tangu mwishoni mwa 2022 kuna zana ya kupangia ndani ya gemu: bonyeza Esc, halafu kitufe kilichoandikwa Edit Mode. Skrini itatokea na mistari ya miraba, na kila kipande utakikamata kwa mausi na kukiburuta. Zamani, kuhamisha mistari ya vitufe kulihitaji adoni. Leo mgeni hahitaji adoni yoyote kwa kazi hiyo, na nawasihi msipakue hata moja kwa mwezi wa kwanza.

Jambo la kufanya mwanzo si kuongeza, ni kupunguza. Mistari ya vitufe usivyovitumia, ficha. Kisanduku cha maandishi ya gumzo, kipunguze ukiweke kona ya chini. Ndani ya pango tunaongea kwa sauti, hakuna anayesoma. Katikati ya skrini iache wazi kabisa, ukubwa wa sahani ya wali, kwa sababu humo ndimo hatari inamotokea. Kuizunguka sahani hiyo weka vile tu vinavyokulazimisha kuamua kitu: uhai wako, uhai wa unayempiga na kile anachotaka kukufanyia, na ujuzi wako mzito, kama uko tayari au bado unapoa, yaani unasubiri muda upite ndipo utumike tena. Vingine vyote, kama ramani, mikoba na orodha ya kazi ulizopewa, pembeni vinatosha. Huviangalii ukiwa vitani.

Waganga, nyie mna kazi ya ziada. Humo humo kwenye kupanga kuna chaguo la kuvifanya visanduku vya kundi kuwa miraba midogo kama ya makundi makubwa. Liwasheni. Kisha nendeni kwenye mipangilio mkawashe kutibu kwa kuelekeza mshale: unaweka mshale wa mausi juu ya kisanduku cha mwenzako na kubonyeza kitufe cha tiba, bila kumchagua kwanza. Nilipokuwa nabofya jina la mtu, halafu nabofya tiba, mshale ulikuwa unasafiri skrini nzima na macho yanaufuata. Siku hizi mshale wangu hautoki kwenye eneo la ukubwa wa kiganja. Katika yote niliyoyabadilisha, hakuna lililookoa watu wengi kama hili, na ndilo ambalo wageni hulipuuza kwa kuwa halionekani kwenye picha.

Vitufe vya kibodi viwe vile vinavyofikiwa na vidole bila kuacha W, A, S na D, vile vya kutembelea: Q, E, R, F, na hivyo hivyo ukishikilia Shift. Hilo halina maelezo marefu, linahitaji mazoezi tu.

Mtandao ndio unaotutofautisha sana na watu wa video. Seva tunazochezea ziko Ulaya. Kwangu hapa Shangani, kila ninachobonyeza huchukua milisekunde 180 mpaka 230 kwenda na kurudi; mchezaji aliye karibu na seva anapata 20 au 30. Ujuzi mwingi ukiutumia unakuzuia kutumia mwingine kwa sekunde 1.5. Ndiyo maana gemu inakuruhusu kubonyeza unaofuata kabla muda huo haujaisha, nayo inaupanga foleni. Nafasi hiyo ya foleni, kwa kawaida yake, ni milisekunde 400. Mtasikia ushauri kwamba ipunguzwe mpaka 100 ili gemu iwe nyepesi mkononi. Kwa mwenye laini fupi ni ushauri mzuri. Kwetu sisi ni hasara: nafasi ikiwa ndogo kuliko safari ya mtandao, kila baada ya pigo kunabaki pengo ambalo mhusika wako amesimama tu. Niliufuata ushauri huo kwa majuma mawili nikidhani nimekuwa mvivu wa vidole. Ukitaka kuhakikisha iko pale pale, andika kwenye gumzo /console SpellQueueWindow 400, halafu Enter.

Umbali huo huo unagusa mpangilio wa skrini. Kama onyo linakufikia limechelewa, huna muda wa kulitafuta. Kijana mmoja wa Chikongola alikuwa anachelewa kila mara kukatiza uchawi ambao maadui wanauandaa, akaamini laini yake ndiyo mbovu. Nilikaa nyuma ya kiti chake nikamtazama. Mstari unaoonyesha adui anaandaa nini ulikuwa juu kabisa ya skrini, ndipo ulipokuwa tangu alipoanza. Tukaushusha mpaka usawa wa kifua cha mhusika wake na kuukuza mara moja na nusu. Laini haikubadilika, ilibaki 210, lakini jioni ile katika maadui kumi na wawili alikatiza tisa.

Adoni nazo zina wakati wake. Nikibaki na daftari lililojaa kosa lile lile, na zana za ndani hazinisaidii, hapo ndipo natafuta adoni moja ya kazi hiyo moja. Mwaka 2025 gemu ilipata zana yake ya kuonyesha ujuzi unaopoa, na mwaka huo huo kampuni ya Blizzard, wenye gemu, ilitangaza kuzipunguzia adoni uwezo wa kusoma yanayotokea vitani, kwa hiyo anayejengea kila kitu juu ya adoni ajue paa linaweza kuondolewa. Zinakula pia nguvu za kompyuta. Joto la hapa kwetu kabla ya mvua mnalijua: laptopu inapumua kama mgonjwa, gemu inaanza kukwama. Bonyeza Ctrl na R uone picha ngapi zinapita kwa sekunde, zima adoni zote, tazama tena. Namba itakuambia.

Na umeme. Adoni haziandiki mipangilio yake kwenye diski papo hapo. Zinaandika ukitoka vizuri kwenye gemu, au ukiipakia upya. Niliwahi kukaa saa tatu kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri nikipanga rangi, ukubwa na sauti za maonyo. Umeme ukakatika, na uliporudi nikakuta mambo kama nilivyoyaacha jana yake. Tangu hapo, kila nikimaliza kupanga jambo moja naandika kwenye gumzo /reload, amri ya kupakia upya. Ndani ya folda ya gemu kuna folda iitwayo WTF, humo ndimo mipangilio ya adoni inamokaa, na kila mwisho wa mwezi naifunga gemu na kuinakili folda hiyo kwenye flashi. Flashi yangu inakaa ndani ya mkebe wa kalamu, kando ya daftari, na ina nakala kumi na moja, kila moja na tarehe yake.