Usiuze printa bado: jibu kwa mdau ambaye sura za watu zinatoka giza

Mkuu, nimeusoma uzi wako mara mbili. Unasema una printa ya A3 ya wino sita, unatumia wino wa chupa wa kujaza, picha za harusi kwenye laptopu ni safi kabisa, zikitoka kwenye karatasi sura zinakuwa giza na zina ukijani, na sasa unatafuta mteja wa printa ili ununue nyingine. Naomba usiiuze bado. Nina mwaka wa 13 kwenye kazi hii, studio yangu ipo Mwanza, na tatizo kama lako lilinigharimu albamu nzima.

Mama wa bibi harusi alikuja kuchukua albamu mchana. Ndani, chini ya taa yangu ndefu ya tyubu, alizifurahia picha. Halafu akatoka nayo mlangoni penye jua. Kwenye mkoba alikuwa na mtandio aliouvaa siku ya shughuli, akautandaza juu ya ukurasa. Mtandio ni buluu ya maji ya bahari. Kwenye picha ulikuwa kijani cha jani la mgomba. Kisha akaweka kidole kwenye shavu la binti yake, upande wa kivuli. Hapakuwa na shavu. Palikuwa na weusi mmoja kutoka chini ya jicho mpaka kidevuni. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, huyu si binti yangu." Nilirudia albamu kwa gharama zangu, tena kwa macho: ongeza mwanga, punguza kijani, chapa, angalia, chapa tena. Pakiti mbili za karatasi ziliisha, na albamu ya pili nayo ilipendeza chini ya taa yangu tu.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba namba za picha ni rangi. Si rangi. Mtu akikwambia utie pilipili kijiko kimoja bila kusema ni manga au kichaa, kijiko ni kilekile lakini mchuzi si uleule. Namba za nyekundu, kijani na buluu zilizomo kwenye faili ni vijiko tu. Skrini yako inavisoma kivyake, printa yangu inavisoma kivyake, na wino wa chupa uliobadilisha jana unavisoma kivyake kabisa. Profaili ya ICC, faili dogo linaloeleza kifaa fulani kinavyozisoma namba hizo, ndiyo inayosema ni pilipili ipi. Mwaka 1993 kampuni nane, zikiwemo Adobe, Apple, Kodak na Microsoft, ziliunda ushirika wa ICC ili profaili iandikwe kwa namna moja kwenye vifaa vyote. Katikati yake kuna kipimo cha jicho la binadamu chenye mizizi kwenye vipimo vya CIE, tume ya kimataifa ya mwanga na rangi, vya mwaka 1931. Rangi ya skrini hupelekwa kwanza kwenye kipimo hicho, kisha ndipo hupelekwa kwenye wino. Kabla ya hapo mabingwa wa skana kubwa za ngoma walikuwa wamekariri mashine zao kichwani, na bingwa akiondoka anaondoka na rangi zake.

Sasa tuje kwako, na tuanzie kwenye skrini. Laptopu nyingi zikiwashwa zilivyo zinatoa mwanga wa kandela 250 au 300 kwa kila mita ya mraba. Kwa kazi ya kuchapa tunashusha mpaka kati ya 80 na 120. Ukihariri kwenye skrini inayowaka kama taa ya gari, kivuli cha shavu unakiona kimejaa maelezo, unaridhika, huongezi kitu. Karatasi haina taa ndani yake. Inarudisha tu mwanga unaoipata. Kwa hiyo inatoka giza. Shusha mwanga wa skrini leo jioni, kabla hujanunua chochote, ufungue zile picha upya. Naamini nusu ya tatizo utaiona kwa macho yako.

Nusu iliyobaki inahitaji kipimo, na hapa ndipo zana zimepiga hatua kubwa. Vifaa ni vya aina mbili, usiuziwe kimoja kwa jina la kingine. Kuna kalorimita, kile kidude unachokining'iniza mbele ya skrini. Kina vichujio vinavyoiga jicho, kinapima skrini, basi. Za chini zinazidi dola 100 kidogo. Halafu kuna spektrofotomita, ambayo ina taa yake yenyewe, inamulika karatasi na kuuchambua mwanga unaorudi wimbi kwa wimbi. Hiyo ndiyo inayopima chapisho. Ikiwa mpya bei yake ni kubwa, ila i1Pro za zamani zinapatikana kwa mkono wa pili, na yangu niliipata hivyo kwa kuchangiana na wenzangu wawili wenye studio. Tunazungushiana. Kwa mtu anayechapa harusi nne kwa mwezi, huo ndio utaratibu ninaoupendekeza kwa moyo wote.

Programu ni bure. ArgyllCMS ya Graeme Gill inafanya kazi yote ya kupima na kutengeneza profaili, na DisplayCAL inaipa sura ya kubofya kwa upande wa skrini. DisplayCAL ilikwama kwa muda, lakini wajitolea wamei­huisha na inafanya kazi kwenye kompyuta za sasa. ArgyllCMS haina vitufe, unaandika amri. Kwa printa ni nne tu: targen, printtarg, chartread, colprof. Usiogope. Mimi nilizoea kwa jioni mbili.

Nikueleze inavyokwenda mezani. Programu inakutengenezea vimraba vya rangi, kwangu kama 800 kwenye karatasi mbili za A4. Unavichapa huku marekebisho yote ya rangi yamezimwa, kwenye programu unayochapia na kwenye printa, kwa sababu unataka kujua printa inafanya nini ikiachwa peke yake. Kisha acha karatasi zikauke mpaka kesho. Hapa watu wengi wanakosa subira: wino ukiwa mbichi rangi bado inatembea, na msimu wa mvua ndiyo kabisa. Asubuhi unalaza karatasi juu ya karatasi nyingine nyeupe ya aina ileile, unashika kifaa kwa mkono mmoja na rula kwa mwingine, unakitelezesha juu ya mstari wa vimraba kwa mwendo mmoja, kama unayepiga pasi ukosi wa shati. Ukikimbia au ukisita kinakataa, unarudia mstari. Saa moja imeisha una profaili ya printa yako, wino wako na karatasi yako.

Vitu hivyo vitatu haviachani. Ukibadilisha chupa ya wino ukanunua ya jina jingine kwa sababu ya tofauti ya shilingi 3,000, profaili ile haifai tena. Ukijani wako nahisi unatokea hapa: printa inadhani ina wino wa kiwandani na karatasi ya kiwandani, inafanya mahesabu ya wino ambao haupo tumboni mwake.

Ukishapata profaili, wakati wa kuchapa chagua Photoshop isimamie rangi, halafu ingia kwenye mipangilio ya printa uzime usimamizi wake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Zikisahihisha zote mbili, sura za watu zitatoka na rangi isiyo yao. Nimeona albamu za namna hiyo nyingi mno, na mwenye nazo analaumu karatasi.

Naomba nikae kidogo kwenye ngozi, maana ndiyo kazi yetu. Ile kadi ya vimraba 24 iliyotolewa mwaka 1976 na inayotumika mpaka leo, ColorChecker, ina kimraba cha ngozi nyeusi na cha ngozi nyeupe. Kwenye kipimo cha Lab, ambapo 0 ni weusi kabisa na 100 ni weupe kabisa, cha kwanza kipo kwenye 38 hivi na cha pili kwenye 66. Angalia maana yake kwa mteja wako. Ngozi ya watu wetu ikiwa kwenye mwanga inaanzia pale ambapo ngozi ya Mzungu imeshaingia kivulini, na upande wa kivuli inashuka kwenye 20 na chini ya hapo, mahali ambapo wino unajazana na printa isiyopimwa inameza kila kitu. Kodak kwa miaka mingi walizipa maabara kadi za kusahihishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley, na kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Picha zetu za zamani ambazo babu anaonekana meno na macho tu hazikuwa na babu mbaya. Ziliwekewa kipimo kisichomhesabu.

Kwa hiyo, ukishatengeneza profaili usiipime kwa picha za matunda na maputo zilizojaa mtandaoni. Tengeneza karatasi yako ya majaribio: mtu mweusi sana, mtu maji ya kunde, mtu mweupe, shela nyeupe na suti nyeusi kwenye ukurasa mmoja. Mimi ninayo tangu ile albamu, na shavu lile limo. Mama yake aliniruhusu.

Kuhusu mwanga wa kuangalilia: weka taa ya LED ya kelvini 5000 yenye alama ya usahihi wa rangi (CRI) ya 90 au zaidi, uitumie hiyo kukagua. Taa za tyubu za bei ndogo zina mapengo kwenye rangi zake, ndiyo maana mtandio na picha vinaweza kufanana ndani ya duka na kutofautiana barazani. Na karatasi zile nyeupe sana zimetiwa dawa inayowaka buluu ikipigwa na jua. Vifaa vya kupimia vya zamani havikulizingatia sawasawa. Kiwango cha ISO 13655 cha mwaka 2009 kiliweka hali inayoitwa M1, yenye mwanga wa urujuanimno kama wa mchana. Ukinunua kifaa kilichotumika, uliza kama kina M1. Kama hakina, tumia karatasi isiyo na dawa nyingi.

Kuna rangi ambazo hutazipata hata ukipima mwaka mzima. Buluu iliyokolea ya skrini na kile kijani chake kinachowaka havimo kwenye wino. Orodha ya Photoshop ina namna nne za kushughulikia rangi zilizozidi. Ya kwanza hubana rangi zote kwa pamoja ili uhusiano wake ubaki. Ya tatu huacha zinazowezekana kama zilivyo na kuzikata zilizozidi. Sura za watu nachapa kwa ya tatu, na fidia ya weusi (black point compensation) nimeiwasha. Picha za ukumbi wenye mataa ya rangi nachapa kwa ya kwanza.

Simu za wateja nazo zina yake. Tangu iPhone 7 ya mwaka 2016 picha nyingi zinakuja na nafasi ya rangi ya Display P3, pana kuliko sRGB, ile ya kawaida ya skrini nyingi. Usiitupe profaili hiyo wakati wa kufungua faili, igeuze. Ukiitupa, nyuso zinapauka.

Na ukipeleka kazi ofseti, usitume kabla hujauliza kiwanda kinachapa kwa hali gani. Niliwahi kupeleka kalenda 500 za chama cha akiba kwenye kiwanda fulani bila kuuliza, buluu ya nembo ikarudi zambarau. Siku hizi naomba jina la profaili, mara nyingi ni za Fogra, taasisi ya Ujerumani ya utafiti wa uchapaji, ambazo tovuti ya ECI, kikundi cha Ulaya cha mambo ya rangi, inazitoa bure. Naiweka Photoshop inionyeshe kwenye skrini iliyopimwa jinsi itakavyotoka, na mteja anasaini akiwa ameketi hapohapo.

Wiki hii shusha mwanga wa skrini, zima usimamizi wa rangi wa printa, na uamue wino mmoja utakaokaa nao. Ukishachapa na kupima, endesha profcheck, amri ya ArgyllCMS ya kukagua profaili, uweke hapa wastani wa delta E (tofauti kati ya rangi ambayo profaili inatabiri na ile iliyopimwa) na ule wa juu kabisa pamoja na jina la karatasi. Wastani ukiwa chini ya 2 tunaendelea na sura. Ukizidi, tutaanza na kusafisha vichwa vya printa.