Kabla ya kumwita mukene

Samaki yeyote mweupe wa urefu wa kidole hapa kwetu Uganda huitwa mukene, yaani dagaa. Akiwa ametoka mwalo wa Kiyindi, kwenye Ziwa Victoria, sawa. Akiwa ametoka kwenye kijito chembamba chenye matete, karibu hakika umekosea, maana mukene ni wa maji mapana kama Victoria na Kyoga. Ziwa Albert nako wana muziri, ndugu yake anayefanana naye sana, kwa hiyo mahali ulipomvulia ni nusu ya jibu.

Mtazame akiwa hai. Rangi hupotea dakika chache baada ya kufa, na doa jekundu la shavuni linalomtambulisha Enteromius kersteni, mmoja wa barbi (samaki wadogo wenye sharubu), ni la kwanza kuondoka. Mtie kwenye kijisanduku cha plastiki angavu, chembamba kiasi kwamba hawezi kugeuka, weka rula kando, piga picha ubavu wa kushoto. Na vaa gambuti: maji yaliyotulia ni nyumba ya kichocho.

Anza na mgongo. Pezi moja refu lenye miiba mbele ni la ngege (tilapia) mchanga au nkejje, samaki mdogo wa jamii hiyo hiyo, mwache. Ukiona kipezi kidogo cha nyama karibu na mkia, huyo ni wa jamii ya ragoge, na meno yake utayaona ukifungua mdomo. Kichwa bapa, mdomo wa kuangalia juu na mkia wa mviringo: ni wale wanaoelea juu juu ya maji, si dagaa wala barbi.

Aliyebaki ana pezi moja fupi mgongoni, mkia wa panda, na taya lisilo na jino. Hapo angalia pezi limekaa wapi. La mukene limesogea nyuma kabisa, juu ya pezi la mkunduni. La barbi liko katikati ya mgongo, juu ya mapezi ya tumboni. Alama hii haidanganyi hata kwa samaki aliyekauka.

Sharubu ndizo zinazowapotosha wengi. Barbi wengi wana jozi mbili, lakini samaki akitolewa majini hulala zikagandana na taya, na kwa aina nyingine ni fupi mno. Zinyanyue kwa ncha ya kijiti cha meno, ukitumia lenzi, kabla ya kuandika “hana”. Kisha pitisha sindano polepole nyuma ya mwiba wa pezi la mgongoni: ikikwaruza kama msumeno, fikiria barbi aitwaye Enteromius paludinosus.

Tumbo lililovimba usilihesabu kuwa mayai. Mukene hubeba mnyoo mweupe bapa, Ligula, anayeweza kujaza tumbo zima.

Ukihitaji vipimo vya vinasaba, kata kipande cha pezi ukitie kwenye spiriti (ethanoli) ya asilimia 95, kamwe si fomalini. Lebo iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka humo humo chupani.