Jibu: San Juan Skyway, tuanzie upande gani?

Mkuu, umeuliza mzunguke upande gani kwenye San Juan Skyway, ile barabara ya mzunguko ya milimani Colorado, Marekani. Kwa kuwa umesema mwenzako anaogopa bonde, anzeni mji wa Durango mpande kaskazini kwenda Silverton, kisha Ouray. Marekani wanaendesha kulia, kwa hiyo sehemu mbaya ya barabara ya 550, kati ya Silverton na Ouray, mtakuwa upande wa mlima. Mkizunguka kinyume, mtakuwa ukingoni kabisa. Na pale hakuna vyuma vya pembeni sehemu kubwa: mstari mweupe, lami kidogo, halafu hewa tupu. Sababu ni kwamba magreda yanahitaji nafasi ya kusukumia theluji bondeni.

Red Mountain Pass, pale barabara inapovuka mlima kabla ya Ouray, ni kama mita 3,358 juu ya usawa wa bahari, hivyo msishangae kichwa kikiuma. Kunyweni maji.

Baada ya Ouray ni raha tu. Ridgway, kisha barabara ya 62 na 145 hadi Telluride. Hapo egesheni gari mpande gondola (vibanda vinavyoning'inia kwenye kebo) ya bure hadi Mountain Village, hata kama hamtelezi kwenye theluji. Mkirudi kupitia Lizard Head Pass, Cortez mpaka Durango, mzunguko mzima ni kama kilomita 380. Wengi huumaliza kwa siku moja. Mimi naona ni kujinyima, laleni Ouray.

Mwishoni mwa Septemba ndiyo bora, miti ikiwa ya dhahabu. Januari? Barabara wakati mwingine hufungwa kwa maporomoko ya theluji.