Maji meupe kama tui: tangi dogo la maji chumvi katika wiki zake za kwanza

Ndugu muuliza swali ameeleza kwamba alijaza tangi la lita 60 kwa maji ya bahari siku ya Jumamosi, akaweka samaki watatu Jumapili, na kufikia Jumatano wawili walikuwa wamekufa na maji yamegeuka meupe kama tui. Dukani ameshauriwa kutia dawa ya kuua bakteria, naye anauliza atie kiasi gani. Jibu langu ni kwamba asitie hata tone moja. Sisemi hivyo kwa ujuzi wa darasani. Miaka sita iliyopita, hapa hapa Dar es Salaam, niliua samaki wanne kwa mtindo huo huo, na naamini dawa niliyotia ndiyo iliyommaliza wa mwisho.

Kwa maelezo uliyotoa, kilichowaua samaki wako si ugonjwa bali ni taka zao wenyewe. Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, usiku na mchana, sehemu kubwa kupitia matamvua, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi juu ya mawe, mchanga na sifongo ya chujio, ambao huigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia vizuri zaidi. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha hata kama maji yake yametoka baharini, kwa kuwa wao hushika kwenye nyuso za vitu kuliko kuelea majini, na huzaana polepole. Weupe ulioona ni bakteria wa aina nyingine kabisa, walao mabaki, ambao huongezeka kwa saa chache tu. Weupe huo wenyewe si sumu, ila hao wanaousababisha hunyang'anyana oksijeni na samaki, na maji ya joto na yenye chumvi yana oksijeni kidogo tangu mwanzo.

Aliyewahi kufuga samaki wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, atashangaa kwa nini huku mambo huharibika haraka hivyo. Amonia majini hukaa kwa sura mbili, moja yenye chaji ya umeme, ambayo hupenya matamvua kwa shida, na nyingine isiyo na chaji, ambayo ndiyo sumu kali. Kadiri pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji (ikiwa juu uasidi ni mdogo), inavyopanda ndivyo sehemu ya sumu inavyokua: kwenye maji ya pH 7 haifiki asilimia 1, lakini kwenye pH 8.2, ambayo ni ya kawaida kwa bahari, sehemu hiyo huwa kubwa zaidi ya mara kumi. Kwa hiyo kipimo kile kile cha amonia ambacho mwenye samaki wa maji baridi angekiona cha kutia wasiwasi tu, kwako wewe ni msiba. Upande wa nitriti habari ni afadhali kidogo, kwa sababu kloraidi, sehemu ya chumvi iliyo katika maji ya bahari, huizuia isiingie kwa wingi mwilini mwa samaki.

Sasa nizungumzie maji yenyewe, maana hukusema uliyachota wapi wala lini. Mimi mara ya kwanza niliyachota ufukweni upande wa Msasani katikati ya masika, maji yakiwa yamekupwa, tena siku moja baada ya mvua kubwa. Kwa macho yalikuwa safi. Nilipopata haidromita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji, wiki moja baadaye ilisoma 1.018, wakati maji ya bahari ya kawaida husoma karibu 1.025, yaani gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo ya maji. Mvua ilikuwa imeyapunguza chumvi, na pamoja na mvua huja kila kitu ambacho Mto Msimbazi na mitaro ya jiji imekibeba. Tangu hapo nayachota wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, na nikiweza namwomba mvuvi anijazie madumu mbali na pwani kisha namlipa kazi yake. Madumu yawe ya maji tu. Dumu lililowahi kubeba sabuni halisafishiki, hata ulisuuze mara ishirini. Nikifika nyumbani nayachuja kwa kitambaa kizito na kuyaacha usiku kucha yakipigwa hewa, kwa sababu viumbe vidogo vilivyomo vikifia ndani ya dumu lililofungwa huoza, nawe utakuwa umeleta amonia kabla hujaleta samaki.

Maji ya kuongezea ni jambo jingine ambalo wengi hulikosea. Kinachopaa hewani ni maji, chumvi hubaki. Tangi la lita 60 likipungua lita 6, chumvi iliyokuwa gramu 35 inakaribia 39, na kwa joto letu, feni ikipuliza juu ya maji, lita 6 hazihitaji hata wiki. Ukiongezea maji ya bahari unazidisha tatizo. Ongezea maji yasiyo na chumvi, kila siku, kidogo kidogo. Mimi nimebandika ukanda wa plasta kwenye kioo kuonyesha mahali maji yanapotakiwa kufika, na kila asubuhi najaza hadi hapo. Ila si kila maji yasiyo na chumvi yanafaa. Ya bomba huwa na klorini; ya kisima cha mtaani kwetu niliyapima nikakuta nitrati miligramu 20 kwa lita kabla hayajagusa tangi; na ya mvua yaliyopita kwenye bati huchukua zinki, ambayo kamba na konokono hawaistahimili. Mimi hununua maji ya kunywa kwenye maduka ya kujaza madumu ambayo husafisha kwa utando wa kuchujia, na kabla ya kuyatumia nayapima kwa kijikalamu cha kupimia vitu vilivyoyeyuka. Kikisoma zaidi ya 20 naenda duka jingine.

Baada ya msiba wangu nilianza upya bila samaki hata mmoja. Niliweka mawe makavu yenye vitundu, mchanga wa chokaa, pampu na chujio, kisha nikatumbukiza kamba mmoja mbichi wa sokoni ndani ya soksi nyembamba, aoze humo. Harufu yake mke wangu anaikumbuka hadi leo. Nilipima kila baada ya siku mbili kwa dawa za matone, si kwa vikaratasi vya kuchovya, ambavyo vilinidanganya mara nyingi. Amonia ilipanda, ikakaa, ikaanza kushuka katika wiki ya tatu huku nitriti ikipanda, na siku ya 31 zote mbili zilisoma sifuri. Sikuamini, nikatia amonia kidogo ya kufikisha kipimo cha miligramu 2 kwa lita, na kesho yake haikuwapo. Nikabadilisha nusu ya maji ili kupunguza nitrati, ndipo nikanunua samaki mmoja. Wa pili alikuja wiki tatu baadaye. Katikati ya hayo yote, mawe na mchanga vilifunikwa na vumbi la kahawia lililonitia hofu bure. Ni mwani mdogo sana, na kwangu ulitoweka wenyewe.

Kuhusu mawe, usishawishike kwenda kuvunja matumbawe. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo vimo katika hifadhi za bahari, na mawe makavu hufanya kazi ile ile ya kuwapa bakteria makazi kwa anayeweza kusubiri.

Samaki wako mmoja aliyebaki anahitaji msaada leo. Badilisha nusu ya maji kwa maji ya bahari yenye chumvi na joto sawa na ya tangi, uyamimine polepole. Usimpe chakula kwa siku mbili, hatakufa njaa. Elekeza pampu ivuruge uso wa maji, na ukiweza nunua pampu ya hewa inayotumia betri, kwa sababu umeme ukikatika usiku, maji meupe namna hiyo yatamwishia oksijeni mapema. Sifongo ya chujio usiioshe bombani, kama ulivyoandika kwamba ulifanya Jumatatu. Ikamulie ndani ya ndoo ya maji uliyotoa kwenye tangi. Dawa ya bakteria ingewaua hao hao unaowangoja, na zile zenye shaba hunywewa na mawe, zikakuzuia kufuga kamba kwa muda mrefu. Kesho pima amonia. Ikiwa bado inazidi miligramu 0.5 kwa lita, badilisha nusu tena, na keshokutwa ikirudi pale pale, mrudishe samaki dukani hata bila kurudishiwa pesa, uliache tangi lifanye kazi peke yake kwa mwezi mmoja.