Glavu uliyofunga, fungua mwenyewe

Wadogo zangu mnaoanza zamu kasualti, kule kwa wagonjwa wa dharura, mwezi huu,

Alhamisi usiku nilipita kitanda cha tatu nikamkuta intani, daktari aliye mafunzoni, akimtafutia mshipa mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Alikuwa amefunga glavu kama kamba juu ya kiwiko cha kushoto, ili mshipa utokeze. Akakosa. Akazunguka upande wa pili, akapata mshipa mkono wa kulia, akashukuru Mungu, akaanza kuvuta damu ya maabara. Mkono wa kushoto ulikuwa umesharudishwa ndani ya sweta, na glavu ingalimo. Niliifungua mimi, na yeye hakuona. Nilirudi nyumbani asubuhi usingizi ukanikataa, ndiyo maana naandika.

Haya yote mmeyasoma chuoni. Nayarudia kwa sababu nimeyaona yakikosewa wiki hii hii.

1. Mtoto mwenye degedege apimwe sukari kabla hujavuta dozi ya pili ya daiazepamu, dawa ya kutuliza degedege. Ikiwa chini, mpe glukosi ya 10%, mililita 5 kwa kila kilo. Kabati likiwa na ya 50% tu, changanya sehemu moja na sehemu nne za maji ya sindano. Vijiti vya glukomita, kile kipima sukari, vikiwa vimekwisha, mtibu kama aliyeishiwa sukari.

2. Artesuneti, sindano ya malaria kali, kwa mtoto asiyefika kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo, si 2.4. Mzani uko pale mlangoni, acheni kukadiria kwa macho. Dozi tatu za mwanzo ni saa 0, saa 12 na saa 24, kwa hiyo kwenye kadeksi, kadi ya matibabu ya mgonjwa, andikeni saa kamili. "Asubuhi" si saa.

3. Maji. Hili linanikera kwa sababu hata sisi tulifundishwa vibaya. Mtoto ana homa kali, viganja vyeupe, mikono na miguu baridi, na mkono wako unakimbilia salaini, maji ya chumvi ya mshipani, uimimine yote kwa mkupuo. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wa namna hiyo. Waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi kidogo ya 10 katika kila 100 ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa, kama 7. Huku kwetu kandokando ya ziwa, mtoto huyo mara nyingi malaria imemmaliza damu. Anataka damu, basi kimbilia maabara. Wa kuhara aliyekauka kabisa ni habari nyingine, chati yake iko ukutani.

4. Aliyekunywa dawa ya wadudu avuliwe nguo, aoshwe, nanyi mvae glavu na aproni. Atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, iendelee mpaka kifua kikauke. Msikilizeni kifua, msidanganywe na mboni za macho.

5. Glavu.

Nilikuwa na miezi minne kazini, hospitali ndogo upande wa Nyando, msimu wa mvua ndefu. Tulikuwa wawili usiku ule, mimi na nesi mmoja mtu mzima, na watoto wa malaria wamelala wawili wawili kitandani. Mnamo saa saba akaja nyanya mmoja kutoka kule kwenye mashamba ya mpunga, mjukuu kamfunga mgongoni, wamekuja na boda kwenye mvua. Mtoto hata kulia alikuwa hawezi.

Stima ikapotea. Nikaibana simu mdomoni nipate mwanga, nikafunga glavu mkono wa kushoto, nikachoma mara mbili, nikakosa. Nikahamia mguuni. Mguu wa kulia ukanikubali. Sukari ikaingia, artesuneti ikaingia, pumzi ikatulia. Nikaandika kwenye kadeksi: kanula (mrija wa mshipani) mguu wa kulia. Nyanya akamvuta mtoto mkono wa sweta, akamfunga leso, akampakata. Nami nikaenda kwa mwingine nikijiona fundi.

Saa nane na nusu akaniita. "Daktari, mtoto analilia mkono." Nilimjibu nikiwa mlangoni: "Ni uchungu wa sindano, Nyanya. Atatulia." Hakubisha. Watu wa umri wake hawabishani na koti jeupe. Baadaye mtoto akanyamaza kweli, na mimi nikafurahi kwamba amenyamaza.

Saa kumi na moja alinifuata mezani. Hakusema neno. Alinishika mkono, akanipeleka kitandani, akakiweka kiganja changu juu ya vidole vya mjukuu wake. Vilikuwa baridi kama samaki aliyetolewa kwenye barafu.

Tulikata sweta kwa makasi. Glavu ilikuwa imezama ndani ya nyama, mkono umevimba, vidole vyeusi, malengelenge yameanza. Niliikata, nikasubiri rangi irudi, na kwa muda mrefu haikurudi.

Wakati wa kuandika rufaa ya Kisumu, kalamu yangu iliandika "uvimbe wa mkono, chanzo". Ikasimama hapo. Nesi alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Andika glavu. Atakayempokea anahitaji kujua umebanwa saa ngapi." Nikaandika: glavu, ilifungwa saa saba, imetolewa saa kumi na moja. Kisha nikaenda kumwambia nyanya.

"Ni wewe uliyefunga?"

"Ni mimi."

"Nilikuambia."

Mkono uliokolewa. Nilikuwa nikienda kumwona wodini kila siku yangu ya mapumziko, na vidole vilirudi kimoja kimoja, kile kidogo kikawa cha mwisho kukunjika.

Tangu hapo navua mkono wote wa nguo kabla ya kufunga, na nikikosa mshipa nafungua glavu kabla ya kuchukua pamba, nikisema kwa sauti, "Nimefungua." Mzazi akisema mtoto analia mahali fulani, napashika mahali hapo kwa mkono wangu. Nanyi fanyeni hivyo hivyo, hata mkiwa na wagonjwa arubaini.

6. Aliyeanguka na boda ashikwe shingo kabla hamjamgeuza, na kilichomchoma kikiwa bado kimo, kiacheni mpaka chumba cha upasuaji.

7. Mshipa wa mtoto mahututi ukikataa na dakika zinakwenda, ingia kwenye mfupa wa goko. Sindano zake ziko droo ya pili ya trei ya dharura, chini ya ambubagi ndogo, ule mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa. Na mnapopokea zamu washeni laringoskopu, kifaa cha kuangalia kooni, muone taa. Jana usiku betri ilikuwa imekufa tena.